Enanga Haina Dakika Tatu

Santuri za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu kila upande, na biashara ya muziki ikatuzoesha kuona kuwa wimbo ukizidi hapo unachosha. Somo hilo halikumfikia mpiga enanga wa Karagwe, mkoani Kagera. Utendi wake huweza kuchukua saa nzima na zaidi, kutegemea nani kaketi mbele yake na rubisi, pombe ya ndizi, imebaki kiasi gani.

Chombo chenyewe ni gogo lililochongwa na kuchimbwa mfano wa kihori. Uzi mmoja mrefu, zamani wa mishipa ya ng'ombe, hupitishwa juu yake, ukarudishwa, ukapitishwa tena, mpaka zipatikane nyuzi zote. Msanii hukipakata, akapiga na kutamba mwenyewe. Wasikilizaji wakisinzia, shujaa atakufa mapema; wakichangamka, vita vitarefuka. Mtayarishaji gani angekubali?

Wapiga enanga nao hawakuwa huru siku zote. Baadhi walilishwa na ikulu za watawala, na anayekula kwa mtawala hachagui wa kumsifu. Uchifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, mlezi huyo akaondoka. Enanga ilibaki kwa sababu watu wa kawaida waliitaka, hata msomi Mugyabuso Mulokozi akaifanyia utafiti wa udaktari kwa Wahaya, majirani wa Wanyambo wa Karagwe, mwaka 1986.

Bendi za roki hupenda kujisifu kwamba hazina bosi. Lakini hata Sunburst ya Dar es Salaam, wakali wale, albamu yao Ave Africa ya mwaka 1976 ilitokea Zambia. Gitaa la umeme linadai studio, kiwanda na msambazaji. Enanga inadai mti na masikio.

Saida Karoli, mwana wa Kagera, alipita njia ya studio, na nyimbo zake za Kihaya zikavuka mipaka. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaufanya upya wimbo wake kama Salome. Sina ugomvi na njia hiyo. Ila utendi wa saa nzima hauingii humo bila kukatwa miguu.

Kwa hiyo, wewe wa Chonyonyo, Karagwe, mwenye simu mfukoni: ukimjua mzee anayepiga, mwite kwenye sherehe yako, mlipe kama unavyomlipa DJ, umwache amalize. Ukimrekodi, rekodi yote, na umpe nakala yake.