Chumvi, Ugumu na Ualikali: Istilahi za Maji katika Tiba ya Samaki

Katika maandishi ya ufugaji wa samaki, neno chumvi hutwishwa mzigo usiolistahili. Mfasiri akikuta maji yaliyokolea chumvi ya mezani, huandika "maji ya chumvi". Akikuta maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi huandika vivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo wasemavyo wachota maji ya visima. Akifikia uwezo wa maji wa kuvunja nguvu ya asidi, utokanao hasa na bikaboneti, hurudia neno lile lile.

Anayeumia ni mfugaji. Tuchukue ugonjwa wa madoa meupe, uletwao na kimelea *Ichthyophthirius multifiliis*. Kimelea hiki hujificha chini ya ngozi ya samaki, ambako dawa haikifikii. Huuawa kinapoogelea huru kutafuta samaki mwingine. Mrututu hukiua (nalo ni neno zuri la madukani, lisifukuzwe kwa ajili ya "salfeti ya shaba"), ila kipimo chake hufuata ile sifa ya tatu. Sifa hiyo hupimwa kwa miligramu za kaboneti ya kalsiamu katika lita, nayo hesabu hugawanywa kwa 100. Ikiwa 100, hutiwa miligramu 1 ya mrututu kwa lita, yaani gramu 200 katika bwawa la meta za ujazo 200. Ikiwa chini ya 50, mrututu usitiwe kabisa, kwani shaba huua samaki pamoja na kimelea. Je, aliyeandikiwa kwamba dawa hii ni salama "katika maji yenye chumvi" afanyeje? Yamkini atamwaga bwawani chumvi ya jikoni, akaamini amejikinga. Chumvi hiyo haiongezi sifa ile hata kidogo.

"Maji magumu" tunayo tayari katika vitabu vya shule, na yabaki kwa kalsiamu na magnesiamu. Ni kweli kwamba ugumu na sifa ya tatu mara nyingi hupanda pamoja, maana chokaa huleta vyote viwili; ndiyo sababu kosa halionekani upesi. Lakini Ziwa Magadi la Kenya limejaa soda, na kalsiamu yake ni haba mno.

Kwa sifa ya tatu, "umagadi" lingependeza sikioni, ila magadi ni kitu mahsusi, na bwawa lililotiwa chokaa halina magadi. "Ualikali" peke yake humpeleka msomaji kwenye pH, ambayo hueleza hali ya maji kwa saa ile tu, wala si kiasi cha asidi yatakachostahimili. Rai yangu ni "ualikali jumla", na kila litajwapo mara ya kwanza liandamane na kipimo chake. "Maji ya chumvi" yaachiwe chumvi ya mezani na bahari.