Mwanamume mwenye mimba: ufundi wa mstari katika midimu ya Wamakonde

Mchezaji wa kiume anatakiwa aingie uwanjani mchana kweupe, mbele ya watu wanaomjua tangu utotoni, naye awe mwanamke mwenye mimba kubwa. Hana pazia, hana taa za jukwaani, na hasemi neno. Asipotambulika, amefaulu. Mtihani huu mafundi wa vinyago wa uwanda wa Makonde, pale Newala, waliupatia jibu vizazi vingi vilivyopita. Nimelitazama jibu hilo hatua kwa hatua, na ninaamini kwamba kazi kubwa kuliko zote ndani yake ni ya mchoraji.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kinyago cha mwili, njorowe, ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa kikawa kiwiliwili cha mwanamke: matiti, tumbo lililotuna, kitovu kilichochomoza. Hufungwa kifuani kwa kamba, na usoni huvaliwa kinyago cha mwanamke kinachoendana nacho. Ngoma ya vinyago hivi, iitwayo midimu kwa upande wetu wa Tanzania na mapiko ng'ambo ya Mto Ruvuma, huchezwa hasa wakati wa kuwatoa wali jandoni na unyagoni. Mhusika huyu huigiza tabu ya ujauzito na uchungu wa kuzaa. Kwa mila, wanawake na watoto waliambiwa kwamba anayecheza ni mzuka, si mtu.

Ukitaja uchongaji wa Kimakonde, wengi hufikiria mpingo. Lakini mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ungemchosha mchezaji kabla ngoma haijakolea. Kinyago huchongwa kwa mti mwepesi wa aina ya msufi pori. Fundi hutoa umbo kwa tezo, kisha huchimba upande wa ndani mpaka ubao ubaki mwembamba na kuukumbatia mwili wa mvaaji.

Ubao huo, ingawa mwepesi, haupindi. Aliyeuvaa hawezi kukunja kiuno alivyozoea. Akitaka kuinama, hushuka kwa magoti. Akitaka kutazama pembeni, hugeuka mwili mzima. Akitembea, mabega hurudi nyuma. Mwendo huo ni wa mja mzito wa miezi ya mwisho, na sehemu yake kubwa mchezaji hupewa na mchongaji kabla hata ngoma haijapigwa.

Umbo peke yake halitoshi. Mama wa Kimakonde wa zamani alitambulika kwa chale. Ngozi ya uso na ya tumbo ilichanjwa kwa kisu kidogo, jeraha likasuguliwa masizi ya mbarika, likapona likiwa na rangi ya buluu iliyokoza. Palikuwa na mistari ya pembe zinazofuatana, almasi, nukta, hata mijusi. Fundi wa kinyago anapaswa kuhamisha ngozi hiyo iende kwenye mti, na ana njia mbili. Ya kwanza ni kukwaruza mistari kwenye ubao wenyewe. Ya pili, ambayo mimi naiona kuwa ya kiwango cha juu zaidi, ni kubandika nyuzi nyembamba za nta ya nyuki iliyotiwa weusi. Nta husimama juu ya ubao kama kovu linavyoinuka juu ya ngozi. Jua likiipiga kwa pembeni, kila mstari hutupa kivuli chake, na aliyekaa nyuma kabisa ya uwanja huuona mchoro vizuri.

Mpangilio wa mistari nao una akili yake. Mingi hukusanyika kuzunguka kitovu, nayo hulivuta jicho la mtazamaji tumboni. Mikono na miguu, ambayo ingeweza kumsaliti mwanamume, imefunikwa nguo na haina mchoro wa kuvuta macho. Usoni, nywele halisi za binadamu zilizobandikwa na ndonya, yaani kipande cha mti kinachopachikwa kwenye mdomo wa juu, humalizia kazi.

Linganisha na mchekeshaji Joti, aliyejulikana kupitia kundi la Orijino Komedi, anapovaa gauni na kuwa bibi au binti. Utamu wake unategemea sisi kujua kwamba huyo ni Joti. Ndivyo ilivyo pia kwa wasanii wengi wa kiume wanaoigiza wanawake kwenye kumbi za Ulaya na Marekani: jina la msanii liko kwenye tangazo, na umahiri wake hupimwa kwa umbali kati ya mtu na mhusika. Mchezaji wa midimu hujifuta ili mhusika abaki peke yake.

Kujifuta kwa mchezaji ni sheria ya ngoma, nami naiheshimu. Kufutwa kwa mchoraji ni jambo jingine. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na Newala akikusanya vinyago, akirekodi nyimbo na kupiga picha za filamu. Aliwapa pia watu karatasi na penseli, na kitabu chake kinaonesha michoro pamoja na majina ya waliochora, akiwemo Pesa Mbili, mtu wa msafara wake. Lakini vinyago vingi vya Kimakonde vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya vina neno moja tu mahali pa jina la fundi: Makonde. Aliyechora kwa penseli akahesabiwa kuwa mtu. Aliyechora kwa nta akahesabiwa kuwa kabila.

George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa kusini mwaka 1934 na kufariki 2005, aliivuka tofauti hiyo. Alianza kwa kuchonga. Alipofika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, akaingia kwenye batiki, michoro na rangi, na dunia ikamjua kwa jina. Watazame mashetani aliowachora: matumbo yaliyotuna, masikio makubwa, viungo visivyotulia, vyote vikishikwa na mstari mmoja mnene. Nami nauona mstari huo kuwa ndugu wa ule wa nta, kwa kuwa unabeba mwili mzima wa mhusika na kumchezesha.

Kwa hiyo tunapoipeleka midimu kwenye tamasha la utamaduni kama MaKuYa la Mtwara, au kuitundika njorowe kwenye ukuta wa makumbusho, kuna kazi mbili za kufanya. Aliyechonga na kuchora aandikwe jina lake angali hai, hata kama jina la mchezaji linabaki siri. Na mafundi wazee wa Newala waombwe waoneshe, mbele ya vijana na kamera, jinsi nta inavyotiwa weusi, inavyosokotwa na kubandikwa ikashika. Mti unaweza kuchongwa upya wakati wowote, lakini utaratibu huo wa mkono asipoupokea mtu, hautajifundisha wenyewe.