Simu au kamera ndogo: picha za mafuriko Garsen

Mvua za El Nino zilipomwagika Novemba 2023, barabara ya Garsen, nchini Kenya, kwenda Witu na Lamu ilikatwa na maji sehemu za Gamba na Lango la Simba. Miezi michache baadaye, Aprili na Mei 2024, Mto Tana ukafurika tena. Misimu kama hiyo, kila anayetumwa kutathmini hasara hurudi na picha: mahindi yaliyooza shambani, ukingo uliomeguka, nyumba ya udongo yenye mstari wa maji ukutani. Picha hizo hazipigwi zipendeze. Atakayezifungua ofisini Hola au Nairobi anataka kujua ni shamba la nani, siku gani, na maji yalifika wapi. Kwa hiyo anayechagua kati ya simu janja na kamera ndogo ya mfukoni aanze na maswali hayo, asianze na megapikseli zilizochapwa kwenye boksi.

Megapikseli zenyewe zinadanganya. Simu nyingi zinazouzwa kwa jina la megapikseli 50 huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya 12 na ushee. Hiyo inatosha kabisa kwa ripoti, mradi unachopiga kiko karibu. Tatizo ni ng'ambo ya maji. Umesimama ukingoni, shamba la migomba limezama upande wa pili, mtumbwi haupo. Unavuta mara nne kwa vidole kwenye kioo. Simu isiyo na lenzi ya kuvuta haisogezi chochote, inakata tu kipande cha katikati na kukipanua. Kukata mara nne kwa upana na mara nne kwa urefu kunakuachia sehemu moja kati ya 16, yaani picha ya megapikseli 12 inabaki na robo tatu ya megapikseli moja. Kilichobaki simu inakilainisha kwa kubahatisha, na majani ya mgomba yanageuka uji wa kijani. Kamera ndogo kama OM System TG-7 ya mwaka 2023 huvuta mara nne kwa vioo vya lenzi yenyewe, na megapikseli zake 12 zote zinabaki kazini. Kihisi chake cha mwanga si kikubwa kuliko cha simu nyingi za leo, na jioni utaliona hilo. Lakini ng'ambo ya mto, saa nne asubuhi, simu ya kawaida haiifikii.

Ndani ya boti kamera inazidi kuongoza. TG-7 imeundwa kuhimili maji hadi kina cha mita 15 na kuanguka kutoka mita 2.1. Zipo simu zisizoingia maji pia, ila kioo cha kugusa kina udhaifu ambao maelezo ya dukani hayautaji: tone la mvua nalo huhesabiwa kuwa kidole. Unataka kupiga picha, simu inafungua kitu kingine, unaipangusa kwa shati lililolowa, inakuwa mbaya zaidi. Kitufe cha kamera hakijali maji wala tope. Kuna joto pia. Apple, kwa mfano, hushauri iPhone itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na mchana wa Garsen unalifikia hilo bila taabu. Simu iliyopata moto hupunguza mwanga wa kioo ili ijipoze, tena wakati huohuo jua limekuwa kali na hujui hata kama umelenga ukuta au paa.

Pamoja na hayo yote, bado ningempa afisa wa kawaida simu, na sababu ni fomu. Tathmini nyingi siku hizi hufanywa kwa KoboCollect, programu inayojazwa hata pasipo mtandao na kutuma ukifika penye mtandao. Picha ikipigwa ndani ya fomu, inakaa pamoja na jina la kijiji, idadi ya watu na alama ya mahali. Picha ya kamera inakaa kwenye kadi, na kadi inakaa kwenye begi, mpaka mtu akumbuke. Siku tatu baadaye nani atasema picha namba 0147 ni ya kijiji cha Idsowe au cha Ngao? Kamera zenye GPS zipo, TG-7 ikiwemo, lakini bado unabaki na kazi ya kuoanisha picha na fomu mezani.

GPS yenyewe isiaminiwe kupita kiasi. Chini ya mwembe mkubwa inaweza kupotoka mita kadhaa, na mashamba ya ukingoni mwa Tana yamepakana kiasi kwamba mita kadhaa zinatosha kumpa jirani hasara ya mwenzake. Simu isiyo na mtandao huchelewa zaidi kupata setilaiti. Sogea mahali pa wazi, subiri namba itulie, ndipo upige. Na kwenye ule mstari wa maji ukutani, simamisha futikamba kutoka sakafuni. Bila kipimo, picha inasema tu kwamba maji yalikuwepo, jambo ambalo hakuna aliyelikana.

Makosa makubwa hutokea baada ya kupiga. Picha nzuri ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na taarifa za mahali na saa zilizofichwa ndani yake hufutwa. Ikitumwa kama faili la hati, hubaki ilivyo. Kwenye Kobo nako mtengeneza fomu anaweza kuweka kikomo cha pikseli ili kuokoa bando. Akiweka 1024, upande mrefu wa picha hauzidi hapo, na simu ya elfu kumi na ya laki moja zinakaribia kulingana. Kabla ya kuomba bajeti ya kifaa kipya, muulize aliyetengeneza fomu.

Kuhusu matengenezo sina mengi. Fundi wa kubadilisha kioo cha simu utampata mjini Garsen, wa kamera ndogo sidhani. Soko lake limekauka duniani: kamera hizi zilisafirishwa zaidi ya milioni 100 mwaka 2010, na chini ya milioni 2 mwaka 2023. Faida ya kamera ni betri yake yenyewe. Umeme ukikatika, simu ndiyo mawasiliano na ndiyo M-PESA, na kuimaliza chaji kwa picha ni hatari. Halafu simu ikiwa ni ya afisa mwenyewe, nyuso za waathiriwa zinapanda kwenye akaunti yake ya mtandaoni pamoja na picha za wanawe, jambo ambalo ni vigumu kulitetea chini ya Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019.

Basi kwa timu ya watu wanne au watano ningenunua simu kwa kila mmoja na kamera moja isiyoingia maji, ikae na anayepanda boti. Pesa ikitosha kimoja, ni simu. Na kamera ikiwepo, saa yake iangaliwe, kwa sababu iliyokaa kabatini bila chaji husahau tarehe na kuanza upya na Januari mosi ya mwaka wa zamani. Njia rahisi ni hii: kabla ya kuondoka, piga kwa kamera picha ya kioo cha simu kinachoonyesha tarehe na saa. Tofauti yoyote itasomeka hapo, na picha zote za siku hiyo zitarekebishwa kwa mpigo mmoja kwenye kompyuta.