Muziki mnene, waya mwembamba

Ukiletewa amplifaya ya gari yenye kibandiko cha "wati 1,000", usisome kibandiko. Igeuze, tafuta fyuzi, soma namba iliyo juu yake. Tuseme ni ya ampea 20. Injini ikiwa inaunguruma, umeme wa gari unakuwa kama volti 14. Zidisha: 20 mara 14 ni wati 280. Huo ndio umeme ambao mashine hiyo inaweza kuvuta kwa muda bila fyuzi kukatika. Na hata hizo 280 haziendi zote kwenye spika, kwa sababu amplifaya za aina ya zamani, ambazo bado zimejaa madukani, hupoteza karibu nusu yake kama joto. Sasa zile wati 1,000 zimetoka wapi? Zimetoka kwa mchapa vibandiko.

Redio ya dashibodi nayo ni vilevile. Imeandikwa "50W x 4", mnunuzi anajumlisha anapata 200, anafurahi. Lakini kama ndani yake hakuna sakiti ya kupandisha volti, wimbi la muziki haliwezi kupanda kupita volti 14 na kidogo. Thamani yake halisi, ile inayofanya kazi, ni kama volti 10. Kumi mara kumi, gawa kwa spika ya omu 4, unapata 25, toa hasara za njiani, unabaki na karibu wati 20 kwa kila spika. Kibandiko kimezidisha zaidi ya mara mbili.

Naanzia hapo kwa sababu nataka kuhakiki sauti ambayo mtu yeyote anayeishi Tabora anaijua: bajaji zinazozunguka Kanyenye, Isevya na Ipuli, na zile Noah na Hiace zinazokwenda Urambo au Nzega. Ukifungua nyingi utakuta mapishi yaleyale. Sabufa kubwa kuliko nafasi iliyopo, amplifaya ya kibandiko, twita zinazochoma masikio, halafu umeme wote huo unapitishwa kwenye waya unaofanana na wa taa ya sebuleni. Hukumu yangu ni kwamba hela imetumika, tena nyingi, na karibu yote imewekwa mahali pasipo na tatizo.

Simcheki dereva. Anajua biashara yake. Bajaji mbili zikisimama pamoja, vijana wataingia kwenye yenye mziki, na hesabu ya tajiri inataka kutimia jioni. Isitoshe, barabara hii haijawahi kuwa kimya. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapahapa Unyanyembe. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba 1857, na safari za namna hiyo zilikuwa na kirangozi mbele, ngoma, na barghumu ya kupulizwa ili walio nyuma wajue wapi pa kufuata na walio kijijini wajue wageni wanakuja. Kazi ya barghumu ilikuwa kufika mbali. Kazi ya muziki ndani ya bajaji ni kumfikia mtu aliyekaa mita moja kutoka kwako. Hizi ni kazi mbili tofauti, na malalamiko yangu makubwa ni kwamba tunafunga barghumu halafu tunaiita mziki.

Tuanze na waya, maana ndiko kunakopuuzwa zaidi. Chukua Noah ambayo amplifaya yake iko nyuma, mita 5 kutoka kwenye betri. Ukipitisha waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, ukinzani wake ni kama omu 0.057. Inaonekana si kitu. Lakini besi inapogonga na amplifaya ikavuta ampea 40, waya huo unakula volti 2.3. Betri inatoa 14, amplifaya inapokea chini ya 12. Nguvu inakwenda kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo karibu theluthi ya uwezo wa mashine imepotea kabla haijafika. Imepotelea wapi? Ndani ya waya, kama joto la wati 90 hivi kila kishindo kinapokuja, chini ya zulia, jirani na sponji ya kiti. Waya wa milimita za mraba 16 kwenye safari ileile unakula volti 0.2 tu. Hakuna sabufa utakayonunua itakayokurudishia kilicholiwa na waya.

Halafu kuna waya unaodanganya. Kwa nje ni mnene, una rangi ya shaba, bei poa. Ukwangue kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unapitisha umeme, ndiyo, ila ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba tupu, kwa hiyo unene wote ule ulioulipia ni wa kuangaliwa tu. Hata mkononi utaujua, ni mwepesi. Unaweza kuutumia kama umenunua mnene zaidi na unajua ulichonunua. Shida ni kuuziwa kama shaba.

Na fyuzi. Watu wengi wanadhani fyuzi ya kwenye betri inalinda amplifaya. Hapana, inalinda gari lisiungue. Waya ukichubuka mahali unapopenya kwenye bati la gari, betri inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mkupuo, na waya mwembamba utakuwa mwekundu kama wa jiko la umeme. Ndiyo maana fyuzi hukaa karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 45 hivi. Ikiwekwa nyuma karibu na amplifaya, ile mita 5 yote ya katikati haina mlinzi. Nimeona gari ambalo fyuzi ilibadilishwa na kipande cha waya "kwa sababu ilikuwa inakatika kila siku". Fyuzi inayokatika kila siku inakuambia kitu, bwana.

Sasa tuje kwenye bajaji, ambako kosa si la waya peke yake. Ndani ya gari lililofungwa vioo, besi inapata msaada wa bure. Mlio wa hezi 50 una wimbi la urefu wa karibu mita 7, refu kuliko chumba chote cha gari, kwa hiyo badala ya wimbi kusafiri humo ndani, sabufa inafanya kama pampu: inabana na kulegeza hewa yote kwa pamoja, na kadiri mlio unavyozidi kuwa mzito ndivyo gari lenyewe linavyozidi kuuinua. Bajaji iko wazi pande mbili. Hakuna cha kubana. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, lakini hapa mchukuzi ni betri, na ikivuja hivi hapati nafuu yoyote, anaongezewa mzigo. Dereva haisikii besi vizuri, anaongeza. Bado haisikii, anaongeza tena. Aliye kwenye kibaraza ng'ambo ya barabara ndiye anayeipata. Mapishi ya gari yamehamishiwa kwenye chombo ambacho si gari, na mfumo wa umeme wa bajaji ni mdogo mno kulinganisha na altaneta ya gari. Matokeo yake asubuhi unasukumana nayo ili iwake.

Kuna jambo lingine kuhusu bajaji ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Spika mara nyingi hufungwa nyuma ya kiti cha abiria. Mahali palipo wazi, kila umbali unapozidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Sikio la abiria likiwa sentimita 30 kutoka kwenye spika, na la dereva mita 1.2, tofauti yao ni desibeli 12. Yaani abiria anapata nishati ya sauti kama mara 16 ya anayopata dereva, na mwenye kushika kitufe cha sauti ni dereva. Yeye anapandisha mpaka ashinde mngurumo wa injini na aone "sasa imekaa". NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo unakatwa nusu. Ukifika 100 umebaki na dakika 15. Abiria anashuka baada ya dakika kumi. Dereva mwenyewe, hata akipata kiasi pungufu, yumo humo tangu alfajiri mpaka usiku, siku sita au saba. Mtoto aliyepakatwa kiti cha nyuma hana pa kuhamishia kichwa. Spika mbili ndogo zilizofungwa juu mbele, zikielekea nyuma, zingewapa dereva na abiria sauti inayokaribiana, kwa nguvu ndogo zaidi. Sijui kwa nini jambo rahisi hivi halifanyiki, labda kwa sababu spika ndogo hazipendezi kutazamwa.

Ukitaka kuhakiki mfumo wowote, usiupime kwa wimbo ambao wenyewe umejaa besi. Upime kwa wimbo wa hapahapa. Tabora ilikuwa mji wa dansi: Kiko Kids ya Salum Zahoro tangu miaka ya 1950, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya Shem Karenga. Weka "Dada Asha" ya Tabora Jazz. Rekodi nyingi za Radio Tanzania za enzi hizo ni za chaneli moja, hazina kushoto na kulia, hazina besi ya kutikisa vioo. Zina magitaa yanayojibizana na sauti za watu, na karibu kila kilicho muhimu humo kiko kati ya hezi 200 na 4,000. Hapo mfumo wa wati 1,000 unaumbuka. Kama sabufa haijawekewa kichujio, au kichujio kimeachwa juu kwenye hezi 200, sauti ya mwimbaji inaingia humo na utasema anaimba ndani ya pipa. Gitaa la rithimu linapotea kabisa. Twita nazo zinakuza mchakacho wa tepu ya zamani mpaka unadhani mvua inanyesha. Shusha kichujio hadi karibu hezi 80, punguza twita, na gitaa linarudi. Hiyo haigharimu hata shilingi.

Atatokea mtu aseme muziki wa siku hizi ndio unaotaka sabufa kubwa. Kweli unataka sabufa. Lakini sikiliza singeli. Mapigo yake yanapita 200 kwa dakika. Yakifika 240, kila pigo lina robo sekunde tu kabla ya jingine. Boksi lenye tundu lililokatwa kwa kukisia lina mlio wake linaoupenda, na likishaanza kuimba huo haliachi upesi. Pigo la pili linafika la kwanza bado linavuma, unapata mngurumo mmoja mrefu usio na ngoma ndani yake. Boksi lililozibwa kabisa halipigi kwa kishindo kile, ila linanyamaza kwa wakati. Kwa singeli hiyo ndiyo sifa.

Na boksi lenyewe liwe gumu. Ubao wa chenga za mbao hunywa maji ya mvua za Novemba mpaka Aprili ukavimba kama mkate. Plaiwudi nene ni bora. Pale spika inapokaa mlangoni, pete ya mninga ingefaa sana, na tunaishi katikati ya miombo: mninga hautanuki wala kusinyaa sana kati ya masika na kiangazi. Spika ikining'inia kwenye bati tupu lenye matundu, hewa inayosukumwa mbele inazunguka kujaza inayovutwa nyuma, besi inajifuta yenyewe. Ziba matundu ya mlango uone. Wengi wangeahirisha sabufa baada ya hapo.

Mafundi siwalaumu sana. Wengi wanayajua haya vizuri kuliko mimi niliyeyapata darasani, mteja ndiye anayekuja akiuliza "wati ngapi?" na kukataa kulipia waya kwa sababu hauonekani. Kwa hiyo ukienda kwa fundi, anza na kisichoonekana: waya, fyuzi, ethi. Kisha spika za mbele. Sabufa ije mwisho, na iwe ndogo kuliko ulivyopanga. Akimaliza, mwombe mita ya umeme. Ncha moja aiweke kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya, muziki ukiwa juu. Ikisoma sehemu ya kumi ya volti, lipa uondoke. Ikisoma nusu volti, arudi kwenye boliti ya ethi, akwangue rangi mpaka bati ling'ae, akaze, apime tena.