Split: muvi kali, somo bovu

Ukitaja ugonjwa wa nafsi nyingi mbele ya wapenda muvi, wengi watakujibu: "Ah, kama yule jamaa wa Split!" Katika filamu hiyo ya mwaka 2016, James McAvoy anaigiza Kevin, mtu mwenye nafsi 23 anayewateka wasichana watatu. Kisha inatokea ya 24, "Mnyama", inayopanda ukuta na kula watu.

Uigizaji ni moto, hatubishi. McAvoy anabadili nafsi kwa kubadili namna ya kusimama na kutazama. Mwongozaji M. Night Shyamalan anatuonyesha pia kwamba Kevin aliteswa na mama yake utotoni, na watafiti wengi huuhusisha ugonjwa huu na mateso makali ya utotoni. Lakini jambo hilo analigusa kidogo tu, halafu mgonjwa anageuzwa zimwi.

Hali halisi ikoje? DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, unataja nafsi mbili au zaidi zinazopokezana ndani ya mtu mmoja, pamoja na mapengo ya kumbukumbu yanayozidi usahaulifu wa kawaida. Hii si skizofrenia. Mwongozo huo unasema zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wanaotibiwa bila kulazwa wamewahi kujaribu kujiua. Basi wa kulindwa kwanza ni nani?

Wapo watafiti wanaobisha kwamba maswali ya tabibu na hadithi za filamu huchangia kuijenga hali hii. Hata kwa hoja yao, mtengeneza filamu ana dhamana.

Sasa tuje kwetu. Tuseme binti wa Nyanungu, kule Tarime, anaanza kuongea kwa sauti isiyo yake, na akitulia hakumbuki kitu. Watu watasema amepandisha mapepo. DSM-5 inakubali kwamba katika baadhi ya jamii nafsi hizi huonekana kama pepo, ila haihesabu kuwa ugonjwa yale yanayotokea ndani ya mila au ibada inayokubalika. Mbarara, Uganda, Marjolein van Duijl na wenzake waliwalinganisha watu 119 ambao waganga walisema wana pepo na wengine 71 wasio nalo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2010, wenye pepo walieleza kupitia matukio mengi zaidi ya kuumiza.

Kwa hiyo binti yule akizungukwa na watu, kuna swali Split haikutufundisha kuuliza: alifanyiwa nini, na nani, na je, bado anaishi naye nyumba moja? Kumfunga kamba au kumchapa ili "pepo litoke" ni kumwongezea jeraha. Familia inaweza kumwombea, na bado ikampeleka kituo cha afya aonwe, apewe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Split itazame, ni muvi kali. Ila usiitumie kumpima jirani yako.