Wati za Tele na Wati za Mfuto

Katika soko la Kitale, ambako mahindi ya Trans Nzoia hupimwa kwa gorogoro, mnunuzi hatoi fedha zake kabla hajajua kama kopo limejazwa hata likafanya kichuguu, ama limepitishwa kiganja likawa sawasawa na ukingo. Na wazee wa pwani, waliotutangulia katika elimu ya vipimo, walikuwa na majina ya hali zote mbili, kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Nayaazima majina hayo kwa kazi niipendayo mno, kupima nguvu za mtambo wa redio ya ridhaa, fani imfunzayo mtu insafu.

Jioni moja mwenzangu wa Bungoma alinisalimu katika bendi ya mita 40, akauliza, "Mwalimu, leo unatoa wati ngapi?" Swali fupi, walakini jibu lake si jepesi. Nisemapo kwa ubavu mmoja wa wimbi, sindano ya mita yangu, iliyo nzito kufuata silabi, hutikisika karibu na 25, ilhali kilele cha sauti kimefika 100. Nikipiga mluzi mrefu usioyumba, sindano hupanda ikatulia kwenye 100 ile ile, maana mluzi hauna mabonde, tele yake na mfuto wake ni kitu kimoja.

Na kilele chenyewe chataka hadhari. Mtambo huujaribu kwanza juu ya mzigo wa omu 50, rezista zilizozamishwa katika kopo la mafuta, zisizorusha wimbi bali kutoa joto tu, hata ukiligusa kopo baada ya muda huzihisi wati zako kiganjani. Volti za ncha ya wimbi zikiwa 100, mwenye haraka huzizidisha kwa zenyewe, akagawanya kwa 50, akatangaza wati 200. Amekosea: nguvu ya kilele, kwa istilahi yetu, ni wastani wa mzunguko mmoja mzima wa wimbi pale sauti ilipo juu kabisa, nao ni wati 100.

Kisha antena nayo hudai haki yake, kwani zikienda 100 na kurudi 4, zilizopokewa ni 96; na mvua za Aprili zikipenya katika maungio ya waya, hizo 4 huweza kuongezeka.

Basi nilimjibu, "Kilele 100, zinazorudi 4." Naye akaandika vivyo hivyo katika daftari lake.