Fremu ya Zamani, Injini ya Leo

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, fremu nzuri ya pikipiki huishi muda mrefu kuliko injini yake. Si ajabu kuingia uani kwa mtu Haydom, Dongobesh au Katesh ukakuta Honda XL125S, Yamaha DT au Suzuki TF imeegemezwa ukutani, tangi limepauka, kiti kimechanika, na pale injini ilipokaa pamebaki uwazi. Pikipiki za aina hii ziliwabeba mabwana shamba, mabwana mifugo, matabibu na watu wa misheni enzi ambazo lami ilikuwa mbali na huku. Injini zilikufa kwa sababu zinazoeleweka: ringi ziliisha, spea zikaadimika, mwenye chombo akastaafu. Fremu haikuwa na kosa lolote.

Ukiuliza ifanyweje, utapata majibu mawili yenye kelele. Wapo wanaosema chombo cha zamani kiachwe kama kilivyotoka kiwandani. Atakayekosa spea halisi akifunike turubai asubiri. Wapo pia wanaotaka kila kipya kinachoonekana dukani kifungwe: taa za rangi, ekzosi ya kupiga kelele, diski mbele na nyuma. Mimi nimeegemea upande wa mafundi wachache wanaoanza na swali tofauti: pikipiki hii ilitengenezwa ifanye kazi gani, na kazi hiyo ikirudi leo itahitaji nini? Swali hilo ndilo linalotenganisha ustadi na upambaji, na nimeliona likijibiwa kwa mikono katika gereji moja ndogo ya Haydom.

Siku nilizokaa pale, juu ya meza ya mbao ilikuwapo XL125S ya mwalimu mstaafu. Hii ni pikipiki nyepesi ya barabara mbaya: tairi la mbele la inchi 21, shokapu zenye nafasi kubwa ya kucheza, umeme wa volti 6, breki za ngoma mbele na nyuma. Mwalimu aliileta fremu yake akiwa na injini ya Kichina aliyoinunua pamoja na risiti yake, injini ya aina ya CG ambayo kila dereva wa bodaboda anaijua kwa mlio.

Injini hiyo ina historia inayostahili heshima. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 baada ya wahandisi wake kwenda kutazama jinsi watu wa nchi zenye kipato kidogo wanavyozitumia pikipiki zao kweli: mzigo kupita kiasi, oili isiyobadilishwa kwa wakati, vumbi kila mahali. Badala ya cheni ya ndani inayozungusha kemshafti juu ya kichwa cha silinda, waliweka fito mbili zinazosukuma valvu kutoka chini. Zikilegea, fundi hufungua kifuniko kidogo na kurekebisha tapeti kwa spana na bisbisi. Viwanda vya China viliuchukua mpango huo na kuusambaza kote. Namba 156FMI iliyogongwa kwenye injini kama hiyo husomeka hivi: silinda moja, kipenyo cha takriban milimita 56, hupozwa kwa hewa, ni ya pikipiki, ni ya kundi la sentimita za ujazo 125. Kilichonifurahisha ni kwamba silinda ya XL125S na ya CG125 zina vipimo vilevile: kipenyo milimita 56.5, mwendo wa pistoni milimita 49.5. Ujazo uliokuwa ukiisukuma fremu ile unarudi kwa kipimo kilekile, ila kwa utaratibu rahisi zaidi kuutunza.

Hata hivyo, kulingana kwa silinda hakufanyi injini ikae. Matundu ya bolti hayakukutana yote. Fundi mwenye papara angewasha mashine ya kuchomelea, akate sikio la fremu na kubandika jingine. Huyu alianza na uzi. Aliufunga kwenye shingo ya usukani, akauvuta hadi tairi la nyuma, akalala chini kuhakikisha fremu haijapinda. Kisha akainua injini juu ya vipande vya mbao na kuisogeza kwa unene wa kipande cha kadibodi, kushoto, kulia, hadi sproketi ya mbele na ya nyuma zikasimama kwenye mstari mmoja wa rula ya chuma. Kanuni yake ni kwamba cheni ndiyo bwana, bolti zitaifuata. Cheni ikienda upande hata kidogo hula meno ya sproketi, hupasha moto beringi, na siku moja hukatika mlimani.

Injini ilipokubali mahali pake ndipo alipochora vishikizo. Alikata kiolezo kwa kadibodi ya boksi la vipuri, akakijaribu, akakipunguza, akakijaribu tena. Kiolezo kilipotulia alikihamishia kwenye bamba la chuma la milimita 6, akalibana kwenye jiriwa na kulikata kwa msumeno wa mkono. Matundu aliyatoboa madogo kuliko bolti, kisha akayapanua kwa tupa ya duara, mikwaruzo michache, anapuliza unga wa chuma, anajaribu bolti. Aliacha kupiga tupa pale bolti ilipoingia kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo na bila kucheza. Nilimuuliza kwa nini asitoboe kwa kipimo kamili mara moja. Akanionyesha bamba la zamani kutoka pikipiki ya mtu mwingine, tundu lake limekuwa la umbo la yai. Injini ya silinda moja hutetemeka. Ikipata nafasi ndogo kama ukucha hulipanua tundu hilo kila siku.

Mabamba yale mapya yalifungwa kwa bolti kwenye masikio yaleyale ya Honda. Fremu haikukatwa wala kuchomelewa mahali popote. Fundi alieleza sababu mbili. Kwanza, moto wa kuchomelea hubadili tabia ya bomba jembamba na ufa huanzia pembeni ya weldi. Pili, mwalimu au mjukuu wake akipata injini halisi siku moja, atafungua bolti chache na kuirudisha. Hapo ndipo ninapowaambia watetezi wa uasilia kwamba hoja yao imesikika. Kazi nzuri ya kubadili huacha njia ya kurudi.

Uingereza ilipitia jambo linalofanana sana na hili. Fremu ya Norton iliyoitwa Featherbed, kazi ya ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, iliingia mashindanoni mwaka 1950 na kusifiwa kwa jinsi ilivyoshika barabara. Madereva wa magari madogo ya mashindano waliitaka injini tu. Kwa kuwa Norton haikuwauzia injini peke yake, walinunua pikipiki nzima, wakachomoa injini, na fremu zikabaki. Mafundi wakazitia injini za Triumph zenye silinda mbili, na mchanganyiko huo ukaitwa Triton. Dave Degens, mjenzi stadi wa pikipiki hizo, alishinda nayo mbio za saa 24 za Barcelona mwaka 1965 akipokezana na Rex Butcher. Leo Triton iliyojengwa vizuri ni chombo cha kale chenye hadhi yake. Siri yake ilikuwa ileile niliyoiona Haydom: mabamba yanayoshika injini ya mgeni ndani ya fremu ya mwenyeji, yaliyopimwa hadi uzito ukakaa mahali sahihi.

Baada ya chuma ilikuja hewa. Haydom iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Tanga. Kabureta iliyopangwa kwa pwani humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Fundi aliiendesha pikipiki kwenye kilima kimoja, akaizima ghafla akiwa bado kwenye mzigo, akafungua plagi na kuitazama juani. Ncha ilikuwa nyeusi ya masizi makavu. Akabadili jeti kubwa kwa iliyo ndogo hatua moja, akarudi kilimani. Mara hii ncha ilitoka na rangi ya kahawia hafifu, sawasawa pande zote, na hapo akaacha. Ingekuwa nyeupe angerudisha nyuma, kwa sababu weupe ni dalili ya petroli kidogo mno, na injini ya namna hiyo huchoma pistoni yake yenyewe. Mtaalamu wa mjini angetumia kipimo cha moshi. Jicho lililozoea plagi linafika palepale.

Kisha hesabu ya meno. Milima ya huku haina huruma: ukipanda kutoka Dareda kuelekea Dongobesh, au ukiukabili mlima Magara kwenda Mbulu, injini ya 125 yenye abiria na gunia hushushwa gia hadi ya kwanza. Kutoa jino moja kwenye sproketi ya mbele, kutoka 15 hadi 14, huongeza mvuto kwa takriban asilimia 7. Kupata kiasi hicho kwa sproketi ya nyuma yenye meno 38 ingebidi kuongeza meno karibu 3. Fundi alichagua kuongeza nyuma, ingawa ni ghali zaidi, kwa kuwa sproketi ndogo ya mbele huikunja cheni kwa ukali na kuichosha mapema. Kasi ya mwisho ilipungua. Mwalimu hakulalamika, anakokwenda hakuna mahali pa kukimbia.

Kwenye umeme, kipya kilishinda bila ubishi. Injini ya sasa huzalisha umeme wa volti 12, na taa ya zamani ya volti 6 ingeungua mara moja. Balbu, honi, betri na indiketa zote zilibadilishwa. Nyaya nene za zamani zilitosha kabisa, maana wati zilezile kwa volti 12 huhitaji nusu ya ampea. Alibadilisha tu zile ambazo plastiki yake ilikuwa imepasuka. Anayerudi usiku kutoka mnadani huku fisi wanavuka njia anajua thamani ya taa inayoona mbele. Sioni heshima yoyote kwa historia katika kumnyima mtu mwanga.

Breki ndiyo iliyoleta mjadala. Mwalimu alitaka diski mbele kama aliyoiona kwenye pikipiki mpya za vijana.

"Mwalimu, diski ninayo," fundi alimwambia kwa upole, "lakini mguu huu wa shokapu hauna pa kuishikia. Nikichomelea sikio kwenye aluminiamu hii, nitakuwa nimekufungia hatari."

"Na tukibadili mbele yote, fundi?"

"Tukibadili yote, mkao wake wote unabadilika. Usukani utakaa chini, mwinamo wa mbele utakuwa mwingine. Itakuwa pikipiki nyingine, mwalimu."

Mwalimu aliwaza, akakubali ngoma ibaki. Fundi akaifungua, akaipeleka kukerezwa mpaka duara lake likanyooka, akafunga viatu vipya na kebo mpya. Nilipoijaribu ilisimama kwa uhakika. Sisemi diski ni mbaya; kwenye fremu iliyoundwa kwa ajili yake, diski ni bora. Ila kipuri cha kisasa kina masharti yake, na fundi asiyeweza kuyatimiza yote anapaswa kuwa na ujasiri wa kukikataa.

Ujuzi wa kukipa chuma maisha ya pili haukuanza na pikipiki huku kwetu. Kando ya Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda, wahunzi wa Kidatoga wa ukoo wa Gidang'odiga huyeyusha makufuli na mabomba ya shaba yaliyochoka na kufua bangili, na misumari wanaigeuza vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana na asali au ngozi. Mhunzi wa namna hiyo haulizi chuma kilitoka wapi. Anauliza kitafaa kwa nini, kisha anakipiga hadi kifae. Fundi wa Haydom anafanya kazi kwa spana na kalipa, ila subira aliyonayo mbele ya kipande cha chuma ni ya nchi hii.

Kipimo cha mwisho kilikuwa barabara ya Haydom kwenda Katesh kupitia Basotu. Udongo mweusi wa mashamba ya ngano ukilowa hujaa kwenye madigadi hadi tairi ligome, na ukikauka huacha nyufa zinazoitikisa kila bolti. Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, husimama mbele yako safari nzima. Tulipofika, fundi hakutazama injini inavyong'aa. Alipitisha spana kwenye kila bolti ya vishikizo. Hakuna iliyosogea.

Nina maombi mawili kwa wote wanaozipenda pikipiki hizi. La kwanza ni kwa wenye vyombo: kadi ya pikipiki huandikwa namba ya chesisi na ya injini, kwa hiyo injini ikibadilika, kadi nayo irekebishwe TRA, na risiti ya injini itunzwe. Fundi huyu hafungi injini isiyo na karatasi, na msimamo huo unawalinda wote wawili. Pia tumlipe fundi kwa saa anazopima, maana tumezoea kulipia kipuri na kumpunja aliyekifanya kikae. La pili ni kwa mafundi wenyewe: VETA hurasimisha ujuzi uliopatikana gereji, mjiandikishe, mpimwe, mpate vyeti. Vile violezo vya kadibodi msivitupe. Viandikeni vipimo, jina la fremu na namba ya injini, kisha mvitundike ukutani, ili kijana atakayeletewa XL nyingine aanzie pale mlipofika nyie.